Walisema Damu Yangu ni Kidogo

Mwaka nilioacha kula mayai ndio mwaka niliokaanga mayai mengi kuliko mwaka mwingine wowote. Nina hoteli ndogo Awendo, kando ya barabara wanayopitia madereva wa miwa, na dereva wa miwa asubuhi hataki mchezo: chai ya maziwa, chapati, mayai. Nilikuwa nawavunjia, nawakaangia, nawapelekea mezani, kisha narudi nyuma ya pazia kunywa bitiruti iliyosagwa bila sukari. Mama mkwe wangu alifundishwa na mama yake kwamba yai huziba tumbo la mwanamke. Mimi nilikuwa natafuta mtoto. Basi nikawa nawapikia wanaume kile nilichokatazwa, na wengi wao walikuwa na watoto, wala hawakukumbuka hata watoto hao wako darasa la ngapi.

Wasichana wakinisikia siku hizi hunicheka. Mmoja aliniuliza, "Auntie, na hiyo akili yako yote, ulikubali aje?" Swali zuri. Jibu lake ni boma.

Mume wangu ni kifungua mimba kwao, upande wa Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay. Kwetu Wajaluo, kijana akioa hukaa kwanza katika nyumba ndogo ndani ya boma la baba yake. Siku yake ikifika, hutoka kwenda kufungua boma lake mwenyewe. Hutoka alfajiri na shoka, jogoo na moto, akiwa na mke wake wa kwanza na mtoto wake wa kiume. Tena watu hutoka kwa zamu. Mdogo hamtangulii mkubwa, na mkubwa akikwama, wote walio nyuma yake wamekwama. Mume wangu ana ndugu mmoja mdogo. Mke wa huyo ndugu alizaa kama mtu mwenye haraka, na watoto wao walikuwa wakilala katika kijumba kimoja wamepangana kama omena, wale dagaa wa ziwani. Wao hawakuweza kutoka mpaka sisi tutoke. Sisi hatukuweza kutoka, niliambiwa, mpaka mimi nizae.

Kwa hiyo tumbo langu halikuwa langu peke yangu. Watu wazima wenye akili zao walikuwa wakilisubiri kama watu wanaosubiri mvua, na kila aliyesubiri alikuwa na la kusema kuhusu ninachokula.

Si kwamba sikuwahi kushika mimba. Nilishika mwaka wa kwanza wa ndoa, bila bitiruti, bila chochote, nikila nilichotaka. Ilitoka ikiwa changa, nilipokuwa Ndhiwa wakati wa palizi. Mama mkwe hakuchelewa. Alinifunga leso, akatafuta pikipiki, akanipeleka kwa binamu yake aliyekuwa na kliniki ya chumba kimoja sokoni, si mbali na kwao. Alisema hospitalini kuna foleni, na huyu ni mtu wa nyumbani. Binamu akanisafisha. Ndivyo wanavyoita, kusafishwa, utadhani mtu ni sufuria. Damu haikukoma, nikarudishwa, akanisafisha tena, na mara ya pili niliusikia ule mkwaruzo mpaka kwenye meno. Niliporudi nyumbani nililala kifudifudi, na hakuna aliyeniuliza kitu ila kama nimekunywa uji.

Tangu hapo damu yangu ya mwezi haikuwa damu tena. Ilikuwa doa tu, linakuja na kuondoka kabla sijatafuta pedi. Mama mkwe ndiye aliyeniuliza, nami nikamweleza. Alinivuta kope ya chini, akatazama ndani, akatikisa kichwa.

"Nyar Sakwa," aliniambia, maana kwetu ni Sakwa na ndivyo mwanamke aliyeolewa anavyoitwa, kwa kwao alikotoka. "Damu yako ni kidogo. Mtoto atashika wapi?"

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Damu haitoki, kwa hiyo damu haipo. Haipo, kwa hiyo iongezwe. Na damu huongezwa na chakula. Ukiyasikia hayo unaona yana maana kabisa, yana maana hata kuliko maneno ya madaktari. Hakuna aliyeuliza kwa nini damu iliyokuwa nyingi jana imegeuka doa leo, baada ya chuma kupita. Mimi mwenyewe sikuuliza, na mwili ulikuwa wangu.

Wakaanza kunilisha. Mama mkwe alituma vitu kutoka Ndhiwa kila gari la asubuhi lilipokuja: unga wa wimbi na mtama, simsim aliyoitwanga kwa mikono yake, mboga ya osuga, yaani mnavu, iliyokwisha kuchambuliwa ili nisipate kisingizio. Maini nilinunua mwenyewe. Kutoka Isebania, mpakani, mtu aliniletea chupa za sharubati nyekundu kutoka upande wa Tanzania, zenye picha ya komamanga, na ladha yake ilikuwa ya dawa ya kikohozi. Maji baridi nikakatazwa, eti hugandisha tumbo. Ndimu hukata damu. Pilipili huchoma mbegu ya mwanamume kabla haijafika. Maharagwe hujaza gesi mahali ambapo mtoto anatakiwa kukaa. Nilipouliza gesi ya tumbo la chakula inafikaje kwenye tumbo la uzazi, niliambiwa watu waliosoma sana ndio wasiozaa. Mimi niliishia kidato cha pili.

Wateja nao hawakubaki nyuma. Awendo ni mji mdogo, na mwanamke asiye na mtoto hana siri. Dereva mmoja, mtu mnene asiyewahi kumaliza chai bila kutoa ushauri, aliniambia mbele ya wenzake:

"Madam, hiyo kitu inataka supu ya kongoro. Bibi yangu alikunywa miezi mbili tu, akapata mapacha."

"Na wewe ulikunywa?" nikamuuliza.

"Mimi ya nini? Mimi niko sawa!"

Wote walicheka, nami nikacheka, maana ukiuza chai huwezi kumkasirikia anayekunywa. Lakini nilinunua kongoro jioni hiyo hiyo. Mfa maji haachi kutapatapa.

Halafu nikaingia kwenye kundi la simu, la wanawake wanaosubiri watoto. Huko uongo ulikuwa umevaa suti. Huko ndiko nilikosikia kwamba ndani ya tumbo la uzazi kuna tabaka ambalo hunenepa kila mwezi ili mimba ijishike, na lisiponenepa mimba haikai. Hilo lilikuwa kweli. Lakini baada ya ukweli huo mmoja yalifuata mambo chungu nzima. Ule moyo mgumu wa nanasi, uliwe siku fulani tu za mwezi. Mbegu za maboga nusu ya kwanza ya mwezi, simsim nusu ya pili, na ole wako uchanganye. Karanga kutoka Brazil, ambazo Awendo nzima hakuna aliyewahi kuziona, kwa hiyo tukakubaliana kwamba njugu zetu zitatosha. Na soksi. Mwanamke ambaye miguu yake ni baridi, tumbo lake pia ni baridi. Nilivaa soksi za sufu jikoni, mbele ya jiko la makaa, na jasho likawa linanitiririka mpaka kwenye viatu.

Nilifuata yote. Mama mkwe upande mmoja, simu upande wa pili, na katikati yao mdomo wangu. Kitu kimoja kiliposhindwa sikuambiwa kwamba kimeshindwa. Niliambiwa sikukifanya vizuri. Nilikula nanasi siku isiyo yake. Nililala na mawazo. Nilionja mchuzi wenye pilipili wakati ninapika. Na ukweli ni kwamba mpishi lazima aonje.

Kuna siku moja siwezi kuisahau, kwa uzuri wake na kwa ubaya wake. Mama mkwe wangu ni Msabato wa kweli. Samaki asiye na magamba haingii jikoni kwake, na kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka anayelala kwenye matope, hata jina lake hapendi kulitaja. Mwanamke mmoja mjuzi wa miti shamba alimwambia kwamba mchuzi wa kamongo ndio unaofungua tumbo lililofunga. Hata wasio Wasabato watakwambia kamongo si chakula cha mwanamke. Mama mkwe alikaa na neno hilo muda mrefu. Kisha Jumapili moja, Sabato ikiwa imeshapita, nilimkuta nyuma ya nyumba ameinamia mawe matatu na sufuria ya kuazima, anapika kamongo. Alikuwa amejifunga kitambaa puani. Alinipa nikala, akasimama akinitazama kama mtu anayetazama dhambi yake ikimezwa na mtu mwingine. Baadaye aliitupa sufuria ile chooni, akamnunulia mwenyewe nyingine.

"Mungu anajua ni ya nini," alisema.

Siku ile nilimpenda. Nasema hivyo ili nisije nikaonekana nimesema kwamba alikuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemkimbia mapema, na labda kukimbia kungeniokoa.

Mume wangu? Mume wangu alikuwa anatengeneza matrekta. Alikuja jioni, alikula nilichompikia, mayai yakiwemo, akalala. Sikumbuki aliwahi kunipiga wala kunitukana. Pia sikumbuki aliwahi kumwambia mama yake, "Mama, basi." Nilimwomba twende wote hospitalini tukapimwe, akasema tusubiri msimu wa miwa uishe. Msimu wa miwa Awendo hauishi. Trekta likikohoa tu, yeye hulifungua lote na kulipanga chini kipande kwa kipande mpaka aone ubovu uko wapi. Hakuwahi kulimwagia juisi likapona.

Miaka ikaenda. Binamu wa mama mkwe alikufa, akazikwa kwa sifa nyingi, daktari wa watu, daktari wa maskini. Mimi ndiye niliyesimamia wapishi katika mazishi yake. Niliupika wali wake vizuri, haukuungua.

Mwishowe juisi yenyewe ndiyo iliyonipeleka hospitalini. Kundi la simu lilikuwa limeamua tusafishe mwili, tusile chochote kigumu, tunywe bitiruti na karoti tu. Nilianguka kati ya meza na jiko, nikaungua mkono. Madereva walinibeba, mume wangu akaitwa, na nikajikuta Migori kwenye hospitali kubwa, mbele ya daktari wa wanawake aliyetoka mbali na asiyejua Kijaluo. Ilikuwa bahati yangu kwamba hajui, maana mume wangu alishaanza kueleza kwa Kijaluo kwamba damu yangu ni kidogo.

Daktari aliniuliza mimi mwenyewe kwa nini sili, nikasema naongeza damu kwa sababu ni kidogo, wakanipima. Daktari akarudi na majibu, akaniangalia kwa mshangao.

"Nani amekwambia damu yako ni kidogo? Hii ni damu ya kutosha hata kuchangia mwingine. Shida yako leo ni njaa."

Nikamwambia kila kitu. Bitiruti, maini, soksi, kamongo. Hakucheka, na nikamshukuru kwa hilo. Aliponisikiliza mpaka mwisho aliuliza kitu ambacho hakuna mtu, katika miaka ile yote, aliyewahi kuniuliza.

"Damu ya mwezi ilipungua lini?"

"Baada ya kusafishwa."

Aliweka kalamu chini.

Siku hiyo alinifanyia skani, na baadaye, niliporudi, aliniingiza kamera ndogo ndani ya tumbo la uzazi. Alinieleza polepole, na kwa vile nilimwambia nimekulia kwenye miwa, alinieleza kwa shamba. Greda ikipita na kuondoa udongo wote wa juu, unaweza kumwaga mbolea mpaka uchoke, hapatamea kitu. Binamu alikuwa amekwangua mpaka chini. Mahali pa lile tabaka pakaota makovu, ukuta wa mbele ukashikana na wa nyuma. Damu yangu ya mwezi haikuwa imeisha. Hapakuwa na mahali pa kuitengeneza.

"Na chakula?" nikamuuliza. Nilitaka asikie mwenyewe anavyosema.

"Chakula kizuri ni kizuri. Kula mboga, kula maini, kula maharagwe, kula mayai. Mwili wa mama unavihitaji. Maji kunywa yoyote, baridi au moto. Lakini hakuna chakula kinachoondoa kovu, mama. Hakuna hata kimoja."

"Ningekuja mapema?"

Alitaka kukwepa, nikaona. Kisha akasema makovu machanga hukatwa kwa urahisi zaidi, na kwamba ningekuja mwaka ule wa kwanza angekuwa na matumaini mengi. Sasa angejaribu. Alijaribu. Aliyakata, akanipa vidonge vya kuliamsha lile tabaka. Mwezi mmoja nikapata damu ya kweli, nikakaa chooni nalia kwa furaha mpaka jirani akagonga mlango. Baadaye ikawa doa tena. Makovu yalikuwa yamerudi. Mume wangu naye alipimwa mara hiyo, akakutwa mzima, na alilipokea jibu hilo kwa kujinyoosha kidogo kwenye kiti. Nilimchukia kwa kule kujinyoosha. Mpaka leo nikikumbuka namchukia.

Sikumwambia mama mkwe alichosema daktari. Nilimwambia tu kwamba wamejaribu na wameshindwa. Nilikuwa nimeshapita miaka ambayo mtu hupewa moyo, na sikuona faida.

Halafu, mwaka jana, wazee wa ukoo wakaitwa Ndhiwa. Watoto wa ndugu wa mume wangu walikuwa wamekuwa wakubwa, hawawezi tena kulala nyumba moja na wazazi wao. Wazee walikunywa chai, wakala, wakaongea kama nusu saa. Wakasema mume wangu atoke. Mtoto wa ndugu yake atashika jogoo kwa niaba ya mtoto wetu, mimi nitatoka kama mke wa kwanza, na ndugu yake atatufuata. Ilikuwa imekwisha. Walikuwa wakiaga na kutafuta kofia zao, na mimi bado nimeshika birika.

Nilimfuata mama mkwe jikoni kwake. Alikuwa ameketi anapepeta wimbi.

"Mama, hii ya kuazima mtoto ni kitu kipya?"

"Hapana. Ni ya zamani. Hata baba mkwe wako, alipokuwa mtoto, alimshikia mtu jogoo hivyo."

"Kwa hiyo ingewezekana tangu mwanzo."

"Ingewezekana."

"Na kwa nini mliniambia hatutoki mpaka nizae?"

Hakuacha kupepeta. Alijibu kama mtu anayejibu jambo la kawaida kabisa.

"Nyathina, mwanangu, tungekwambia mlango mwingine upo, ungejikaza?"

Nilikumbuka nilivyokuwa nafumba macho kumeza, na jinsi nilivyojilaumu kila mwezi kwa kijiko nilichokosea. Walikuwa wamenifungia mlango ili nikimbie vizuri.

"Nilijikaza, mama," nikasema. "Sikukosa kujikaza. Nilikosa mtu wa kunipeleka nikapimwe."

"Ulipimwa. Si binamu yangu alikuona mara mbili?"

Nilikuwa nimeapa kutosema. Nikasema. Nilimwambia makovu ni nini, yalitoka wapi, na ni mkono wa nani ulioyaweka. Nilimwambia kwamba hakuna hata punje moja ya simsim yake iliyowahi kufika mahali penye ubovu. Nilisema kwa Kijaluo safi, ili asipate neno la kutoelewa. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Mimi ndiye niliyekupeleka," alisema.

Angesema hivyo mtu mwingine, ningemwambia hakujua, ningemwambia shauri ya Mungu. Ni maneno rahisi, na nina hakika ndiyo aliyoyasubiri.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni wewe."

Tulitoka siku iliyopangwa, kabla jua halijachomoza. Mume wangu alitangulia na shoka, mtoto wa ndugu yake na jogoo, nami nikafuata na moto, mke wa kwanza mwenye haki zake zote. Mama mkwe alikuja mpaka mlangoni kutubariki na hakuweza kuniangalia usoni. Nilifurahi. Hiyo ndiyo furaha pekee niliyotoka nayo katika boma lile.